Sikio la Kushoto: Kumuaga Müzeyyen Karaca wa Jengo la Chumvi

Müzeyyen Karaca aliingia kiwandani kwetu tarehe 3 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne na viatu vya mpira vya mumewe vilivyomzidi saizi mbili. Anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Hiyo ni miaka thelathini na miwili na karibu miezi minane, na isipokuwa miezi hii ya mwisho mwisho, yote alifanya kazi katika jengo moja, jengo la chumvi, kule chini bandarini Gelibolu. Uongozi umeniomba niseme maneno mazuri ya kuchapwa kwenye karatasi ya sherehe. Shule sikuiona mimi. Ninasema, Gülten wa ofisini anaandika, na nimemwapisha asiyapake sukari.

Niliambiwa pia niseme ya kuchangamsha. Nitajaribu. Lakini wiki hii haikuwa ya kuchangamsha, na Müzeyyen hapendi kudanganywa, hata kwa wema.

Kazi yake ilikuwa kupanga dagaa kwenye mapipa: safu ya samaki, safu ya chumvi, kichwa huku, mkia kule, mpaka pipa lijae. Mkono wake ulikuwa mzani. Wakaguzi walikuja na mizani yao ya betri, wakapima chumvi aliyorusha kwa ngumi, wakatazamana, wakarudisha mizani mkobani. Mwaka ambao mashine ya kufungia mikebe ilikufa katikati ya msimu, na tani nne za dagaa ziko mlangoni zinaanza kulegea, ni yeye aliyepanda juu ya kasha akasema zote zitiwe chumvi. Zilitiwa kwa siku mbili. Hakuoza hata mmoja. Wasichana kumi na tisa waliopita mikononi mwake leo ni viongozi wa meza, na wote wana ile tabia yake ya kugonga pipa kwa kiganja kabla ya kulifunika, kama mtu anayemwambia mtoto alale.

Huyo ndiye mfanyakazi. Sasa paka, kwa sababu hakuna anayemjua Müzeyyen bila paka.

Kiwanda cha samaki kinavuta paka, hilo halina ajabu. Mwaka 2004 kulikuwa na arobaini na kitu nyuma ya jengo la chumvi, wakizaa kila msimu, na walikuwepo watu, siwataji, waliokuwa wakiwamwagia maji ya moto. Müzeyyen alikwenda kwa daktari wa mifugo, Ferruh, na pipa dogo la dagaa mikononi, akamwambia hana kingine cha kutoa. Ferruh alikuwa kijana bado, mwenye nywele. Akamwambia: wewe kamata, mimi nitawafunga kizazi. Na kila aliyefungwa, wakati bado amelala kwa dawa, alikatwa ncha ya sikio la kushoto, kipande kama ukucha, ili ajulikane kwa mbali na asikamatwe akapasuliwa mara ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Sikio zima, kamata. Sikio fupi, mwache ale.

Mtego wake ulikuwa kasha la samaki, kijiti, na kamba ndefu. Siku ya kwanza alinasa mguu wa msimamizi wetu, marehemu Rıfat, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipita na bilauri ya chai.

"Niachie, dada! Mimi nimeshaacha kuzaa tangu mwaka tisini na nane!"

"Nionyeshe sikio," akamjibu.

Ilimchukua miaka minane. Kufikia 2012 hapakuwa na paka hata mmoja uwani mwenye masikio mawili mazima. Walizeeka kwa heshima, wakanenepa, wakapungua mmoja mmoja. Kwa miaka tisa hakikuzaliwa kitu nyuma ya jengo lile. Siku waposaji walipokuja kumposa binti yake, Nevin, msafara wa paka sita ulimfuata Müzeyyen mpaka nyumbani kwa sababu ya harufu ya mikono yake, na mama wa bwana harusi akanywa kahawa yake akiwa na dume la rangi ya chungwa mapajani. Mnajua desturi, binti humtilia chumvi kijana kwenye kahawa aone kama ataimeza bila kukunja uso. Chumvi ya siku ile ilitoka kwetu, ile ya mawe. Yule kijana aliimeza. Bado wako pamoja.

Mwaka 2021 akaja paka wa kijivu kutoka upande wa meli za kivuko. Mwembamba, macho ya kijani, mwenye madaha. Tulimwita Bibie. Sikio lake la kushoto lilikuwa fupi.

"Huyu tayari," alisema Müzeyyen.

Nami nikasema, tayari. Sote tulisema.

Masika iliyofuata zilianza kuonekana sura ndogo chini ya makasha. Tulidhani watu wanatupa. Watu hutupa watoto wa paka kwenye uzio wa kiwanda, wanasema pale kuna chakula, wanajiona wema. Müzeyyen akamchagua Şükran wa mkate wa ufuta, ambaye tanuri lake liko ng'ambo ya barabara, akamfuata mbele za wateja.

"Unatutupia watoto wa paka kama maganda ya viazi!"

"Mimi nina paka mmoja tu, we mwanamke! Dume! Na ulimpeleka wewe mwenyewe kukatwa!"

"Basi dume lako linazaa!"

Hawakusalimiana miaka miwili na zaidi. Mtaa mzima ulinunua mkate ukiwa umeinamisha kichwa.

Kiangazi cha 2024, Müzeyyen alikuwa amekaa juu ya pipa uwani anakula zabibu. Bibie akapita juu ya mfereji wa paa na mtoto mdomoni, akashuka, akapita karibu naye kabisa, jua likiwa nyuma ya lile sikio. Ndipo alipoliona. Sikio alilokata Ferruh ni nyoofu kama lililopigwa rula. Hili lilikuwa na meno meno. Halikukatwa na daktari. Lilinyofolewa na dume au mbwa huko bandarini, kabla hajatujia. Miaka mitatu tulimpita huyu paka na kamba mkononi, tukimpigia saluti, naye anazaa, na binti zake wanazaa, na wajukuu.

Aliweka zabibu chini. Alikaa juu ya lile pipa mpaka king'ora cha zamu kikalia na kunyamaza. Kisha alivuka barabara kwenda kwa Şükran na chupa ya dagaa wa mafuta.

"Nimekukosea, dada. Ni wangu. Wote ni wangu."

Şükran alimwangalia, akapokea chupa, akasema, "Kaa, unywe chai."

Tulipowahesabu walikuwa tisini na sita.

Mtu angeweza kusema, tisini na sita wapo, watakamatwa kama walivyokamatwa wale arobaini. Alianza siku ileile. Lakini Aprili mwaka huu kiwanda kilihamia huku juu mlimani, kwenye majengo mapya, na sisi sote pamoja nacho. Huku vichwa na matumbo ya samaki huingia kwenye gari lililofungwa, yakaenda kusagwa. Kule chini haukubaki hata utumbo mmoja wa dagaa. Paka tisini na sita, na watoto juu yao, waliingia ndani ya jengo tupu na kuanza kutazamana.

Nisiseme mengi ya Mei na Juni. Mafua yaliwaingia, macho ya wadogo yakafungwa na tongotongo, wakalala wanane wanane kwenye kasha moja kutafuta joto, na wa chini kabisa hakuamka. Mama zao walikuwa hawana maziwa. Müzeyyen alishuka kila siku baada ya zamu na maji yaliyochemshwa, pamba, na bomba la sindano la maziwa. Waliokufa aliwazika nyuma ya ukuta, pale ambapo udongo umeshiba chumvi na halioti hata jani. Thelathini na mmoja. Najua kwa sababu sepeto nilikuwa nalo mimi.

"Ni macho yangu, Bibi Satı," aliniambia.

"Macho yalikuwa mengi, mwanangu. Usijitwike hatia ya kiwanda kizima."

"Wengine hawakuwa na kamba mkononi."

Nimemzidi miaka kumi na minane, na nimeona mengi ya kusahaulika, ila sijaona mtu aliyebeba kosa lake namna hii, bila kulipamba na bila kulitupa.

Julai ikaja barua. Jengo la chumvi limeuzwa, na tarehe 31 Oktoba milango, madirisha na matundu yote yatazibwa kwa matofali mpaka litakapobomolewa. Uongozi ulimpa Müzeyyen ufunguo na muda huo. Hilo nalishukuru, wangeweza kukataa. Tarehe ya kuziba na tarehe ya kustaafu kwake ilikuwa moja. Aliisikia Gülten anaisoma, akaitaka isomwe tena, kisha akauliza kama kuna basi la kushuka bandarini saa kumi na moja alfajiri.

Wakubwa walikwenda kwa Ferruh wanne wanne, wakarudi na masikio manyoofu, wakagawanywa: kwa wavuvi, kwa wenye mizeituni kule nje ya mji, kwa msikiti wa chini ambao imamu wake alitaka wawili akachukua watano. Wadogo walikuwa wa kuombewa nyumba. Şükran alichukua wanne. Mjane wa Rıfat alichukua wawili, akasema nyumba imekuwa kimya mno tangu mzee aondoke. Wengine walipitia kwanza kwenye vyumba vyetu vya kubadilishia nguo, jambo ambalo halikuruhusiwa, na ambalo sasa naliungama kwa maandishi.

"Kabati namba kumi na nne linalia," alisema Nihan, msimamizi wetu wa sasa.

"Ni bawaba," nikamwambia.

"Bawaba inakunywa maziwa, Bibi Satı? Kuna sahani hapa."

"Ni bawaba ya kizamani."

Alifungua, akaangalia, akafunga. Leo ana paka mweusi nyumbani kwake mwenye jina Bawaba.

Kufikia Jumapili iliyopita jengo lilikuwa tupu, isipokuwa Bibie. Tangu tulijue sikio lake, hakuna kasha lililompata. Jumatatu Müzeyyen alichoma dagaa mmoja ndani ya jani la mzabibu, namna tunavyowachoma majumbani, akamweka chini ya kasha angali moto, akashika kamba. Bibie aliingia. Sijui kama ni njaa au ni uzee. Müzeyyen hakushangilia. Alifunika kasha kwa koti lake akambeba mwenyewe.

Jumanne asubuhi Ferruh akapiga simu.

"Dada Müzeyyen, sijamgusa kwa kisu. Huyu ana maziwa. Ananyonyesha."

Wote tuliokuwa mezani tulisikia. Siku nzima na usiku mmoja, mahali fulani ndani ya jengo lile walikuwepo watoto wasio na mama, na mama yao tulimchukua sisi. Müzeyyen alikuwa na chai mkononi. Aliiweka mezani taratibu mno, akachukua koti.

Mkimkosa mtoto, mrudisheni mama, mkae mbali, mumtazame anakokwenda. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo alivyofanya. Bibie aliachiwa ndani. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho, kwenye mfereji wa zamani wa kutolea maji ya chumvi, tundu lenye upana wa sahani linalopita chini ya ukuta unaobeba paa. Hapo hapabomolewi, ukigusa jiwe moja paa lote linakufuata, na wa kwanza kufukiwa ni hao waliomo ndani. Ila alitembea vibaya. Alisimama mara tatu njiani. Mafua yalikuwa yamempata naye.

Jumatano alitoka na mtoto mdomoni, wa majuma matano hivi, akamweka karibu na kiatu cha Müzeyyen. Mwaka mzima na zaidi alimkimbia, siku hiyo akamletea mwenyewe. Akarudi ndani, akaleta wa pili. Akarudi, akakaa sana, akaleta wa tatu. Ndani kulisikika sauti ya mwingine bado. Bibie aligeukia tundu, akasimama, kisha akaja akalala ndani ya lilelile kasha lililomnasa. Hakuinuka tena. Alikufa jana mchana, Ferruh akiwepo, mkono wa Müzeyyen ukiwa juu ya lile sikio bovu. Mmoja wa wale watatu naye amekufa. Wawili wako kwa Şükran, kwenye kikapu karibu na tanuri, wanakula.

Wa nne bado yumo ndani.

Jana alikuwa akilia kila dakika chache. Leo asubuhi, wakati Gülten anaandika haya, Müzeyyen amepiga simu kutoka kule chini: amelia mara mbili tu tangu kupambazuke. Lakini mara ya pili ilikuwa karibu na tundu. Kuna kisahani cha dagaa mlangoni mwa mfereji, kuna kasha juu ya kijiti, na kuna kamba, na mwanamke wa miaka hamsini na sita amelala kifudifudi kwenye sakafu ya mawe akishika ncha yake. Hakulala nyumbani. Nguo yake ya sherehe, ya bluu, aliyoshonewa na Nevin, inaning'inia kwenye kabati namba kumi na nne.

Nilizungumza na fundi Cengiz, mwenye matofali.

"Bibi, mimi nina amri. Tunaanza baada ya sala ya Ijumaa."

"Na mimi nina watu sitini na sufuria la pilau. Utajenga kupitia kwa nani?"

Akakuna kichwa. Si mtu mbaya, mama yake namjua. "Basi nitaanza madirisha ya upande wa bahari. Saa kumi nitafika kwenye huo mfereji. Zaidi ya hapo, bibi, nitafukuzwa kazi."

Saa kumi, basi.

Kwa hiyo ratiba mliyotumiwa si ratiba tena. Hakuna sherehe ukumbini saa sita. Mkurugenzi ameambiwa, akasema atavaa viatu vya mpira. Mabasi ya zamu yanateremka kwenye jengo la chumvi. Pilau italiwa nje, barabarani, kwa Şükran. Ndani mtaingia wachache wachache, bila viatu vyenye kisigino, msimame kando ya ukuta wa kulia. Hakuna hotuba. Hakuna makofi. Saa ya ukutani tuliyomnunulia itakabidhiwa baadaye, na nimeitoa betri. Ndiyo maana maneno haya yako kwenye karatasi: karatasi husomwa kimya, na mtoto akisikia sauti zetu atarudi ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mkono utakaofika.

Mtakaposoma hapa mtakuwa mmesimama nyuma yake. Mtaona nyayo zake, na kamba. Msimguse bega. Anajua mmekuja.

Müzeyyen, hutaisoma leo, utasomewa ukiinuka. Tunakushukuru kwa kila pipa ulilolifunga bila kuoza kitu ndani. Tunakushukuru kwa wale waliotoka, hamsini na tatu wadogo, kila mmoja ana mlango wake sasa, na kwa wale thelathini na mmoja uliowazika wakati wengine tulikuwa tunasema ni paka tu. Kosa la sikio lilikuwa letu sote, na wewe peke yako ulilibeba mpaka mwisho. Mimi nilistaafu kabla yako nikagoma kuondoka, bado nawachemshia chai; basi usiniambie hujui utakwenda wapi Jumatatu. Uje kantini. Kuna kiti karibu na jiko.

Tunakuombea umri mrefu, magoti yasiyouma, wajukuu wenye kelele, na mikono isiyokauka tena kwa chumvi. Na kabla ya saa kumi tunakuombea kitu kidogo kuliko ngumi yako, kitembee hatua nne kuelekea harufu ya samaki.

Ninyi mliomaliza kusoma, kunjeni karatasi polepole. Hata karatasi ina kelele.

Bibi Satı, kwa niaba ya zamu ya asubuhi